Vitabu Vilivyomtafuta Mwenye Kosa

Ukihudhuria semina ya usalama kazini, iwe kiwandani Thika au kwenye ukumbi wa hoteli Dodoma, mkufunzi hachelewi kuchora piramidi. Juu kabisa ataandika 1, katikati 29, chini 300. Atakwambia kwamba kwa kila ajali moja kubwa kuna ajali ndogo 29 na matukio 300 ambayo hayakumjeruhi mtu. Kisha italetwa namba nyingine, na hiyo ndiyo ya kuitazama vizuri: asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya wafanyakazi wenyewe. Washiriki wanatikisa vichwa kukubali, chai ya saa nne inaingia, na namba ile inarudi nao kazini.

Imetoka kwenye kitabu cha mwaka 1931. Kitabu hicho nacho kiliingilia ubishi uliokuwa umekwenda karne kadhaa katika vitabu vya madaktari, wahandisi na wanasheria: mtu akiumia kazini, kosa ni la nani?

Kwa muda mrefu hata swali lenyewe halikuwepo. Mchimbaji alikufa, akazikwa, akaajiriwa mwingine. Georg Agricola, daktari aliyeishi kati ya wachimbaji wa fedha huko Joachimsthal, katika nchi ya Ucheki ya leo, alikuwa mmoja wa wasomi wa kwanza kuliandika jambo hilo. Kitabu chake cha madini, De re metallica, kilitoka Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Kimejaa michoro ya mashine za kuvuta maji na mivukuto ya kuingiza hewa chini ya ardhi. Katikati ya maelezo hayo ya kifundi anataja kwamba kwenye migodi ya milima ya Carpathia kuna wanawake walioolewa na wanaume saba, na wote saba wameuawa na maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi. Hamlaumu mume hata mmoja. Anapendekeza hewa safi, na anachora mashine ya kuileta. (Mhandisi aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1912, akishirikiana na mkewe Lou Henry, alikuwa Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani.)

Aliyelifanya suala hili kuwa elimu kamili ni Bernardino Ramazzini, profesa wa tiba katika mji wa Modena, Italia. Kwa desturi ya mji ule, mashimo ya vyoo ya nyumba yalitapishwa kila mwaka wa tatu. Siku moja watapishaji walikuwa nyumbani kwake, na profesa akamwona mmoja wao akifanya kazi mbiombio, kama mtu anayefukuzwa. Akamhurumia, akamuuliza kwa nini anajichosha hivyo badala ya kwenda taratibu. Yule mtu akainua macho kutoka shimoni, akamjibu kuwa asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kujua gharama ya kukaa mle zaidi ya saa nne: ni sawasawa na kupofuka. Alipotoka, Ramazzini akamkagua macho, akayakuta mekundu na yenye ukungu. Baadaye akagundua kwamba baadhi ya ombaomba vipofu wa mjini walikuwa watapishaji wa zamani.

Kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi kilichapwa Modena mwaka 1700, na toleo lililopanuliwa likatoka Padua mwaka 1713. Kinapita katika kazi zaidi ya 40: wafinyanzi wanaodhurika kwa madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi za kung'arishia vyungu, wachimbaji, wachapaji, wakunga. Watapishaji anawashauri wafunike nyuso kwa kibofu cha mnyama kilicho chembamba, kinachopitisha mwanga. Makarani anawapa sura yao, na msomaji anayeshinda mbele ya kompyuta atajitambua humo: wanaumia kwa sababu ya kukaa kutwa, kwa kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, na kwa wasiwasi wa kukosea hesabu. Daktari anayemtembelea mgonjwa maskini, aliandika, ayaulize maswali yote aliyoachiwa na Hippocrates, kisha aongeze moja: unafanya kazi gani?

Hadi hapo wasomi walikuwa wakizungumzia maradhi, na maradhi hayana mshitakiwa. Mashine za mvuke ndizo zilizoleta kesi. Mkono ukikatwa na mkanda wa mashine saa tatu asubuhi, kuna siku, kuna shahidi, kuna mwenye mashine. Sheria ya Uingereza na ya Marekani katika karne ya 19 ilimpa mwajiri ngao tatu. Ya kwanza, mfanyakazi alijua hatari alipokubali kazi. Ya pili, kama aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzake, bosi hahusiki. Ya tatu, kama majeruhi mwenyewe alichangia kosa hata kidogo, hapati kitu. Mjane aliyekwenda mahakamani alikuwa na kazi ya kuzivunja zote.

Mwaka 1907 mwanasheria kijana, Crystal Eastman, alitumwa Pittsburgh, mji wa chuma wa Pennsylvania, kuchunguza ajali za kazini. Alichofanya ni cha kawaida mno hata ukashangaa kwamba hakikuwa kimefanywa kabla yake. Alichukua vifo vyote vilivyotokea kazini katika wilaya ya Allegheny tangu Julai 1906 hadi Juni 1907, akavifuatilia kimoja kimoja hadi nyumbani kwa marehemu. Vilikuwa 526: wafanyakazi wa chuma 195, wa reli 125, wa migodini 71, na wa kazi nyinginezo 135. Kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1910, Work-Accidents and the Law, kuna kalenda ya mwaka mzima yenye alama nyekundu kwa kila aliyekufa siku hiyo. Unaitazama kalenda ile ukitafuta wiki iliyo nyeupe, na hukuti.

Wakubwa wa viwanda walikuwa wamemwambia kwamba karibu ajali zote ni uzembe wa wafanyakazi. Hakubisha kwa maneno matupu. Alizigawa kesi kwa chanzo, akaonyesha kwamba zile za uzembe wa marehemu mwenyewe zilikuwa sehemu ndogo. Na hata hao waliozembea aliwatazama upya: mtu aliye kwenye zamu ya saa 12, kwenye joto na kelele, akiharakishwa na msimamizi, tumwite mzembe kwa kipimo gani? Kisha akafuata pesa. Katika familia zilizopoteza mume, zaidi ya nusu zilipata kwa mwajiri dola 100 au chini yake, nyingine hazikupata hata senti. Pendekezo lake lilikuwa kuliondoa swali la kosa katika malipo. Aliyeumia alipwe, kwa kuwa ameumia akiwa kazini. Ujerumani ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1884 na Uingereza tangu 1897.

Jimbo la New York, ambako Eastman alikuwa katibu wa tume iliyoshughulikia suala hilo, lilipitisha sheria ya fidia mwaka 1910. Mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta tarehe 24 Machi 1911, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake bila kosa. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo moja jijini New York. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Jimbo likabadili katiba yake mwaka 1913 ili fidia iwezekane.

Ukilijua hilo, unakielewa vizuri zaidi kitabu cha yule mwenye piramidi. Herbert William Heinrich alikuwa afisa wa kampuni ya bima ya Travelers mjini Hartford. Sasa kila ajali ilikuwa na bei, na mwenye kulipa alitaka kujua namna ya kuipunguza. Katika Industrial Accident Prevention, cha mwaka 1931, Heinrich alisema amepitia taarifa 75,000: 12,000 kutoka faili za madai ya bima na 63,000 kutoka kumbukumbu za wenye viwanda. Humo ndimo alimopata ile asilimia 88 ya vitendo vya watu, asilimia 10 ya mazingira mabovu, na 2 ya mambo yasiyozuilika.

Nani alizijaza taarifa hizo? Mara nyingi ni msimamizi, siku ya ajali, akijua bosi atazisoma. Pale taarifa ilipotaja mashine isiyo na kinga na pia mtu aliyeteleza, Heinrich alichagua chanzo kimoja tu. Faili zenyewe watafiti waliomfuata hawakuwahi kuziona. Tumtendee haki: yeye mwenyewe alisisitiza mashine ziwekewe kinga na akasema menejimenti ndiyo yenye uwezo wa kuzuia ajali. Lakini msomaji mwenye haraka aliondoka na ile 88, na hadi leo ndiyo inayosafiri kutoka semina hadi semina. Kwa maoni yangu, hakuna namba iliyowasaidia wenye viwanda wabovu kuliko hiyo.

Jibu lake lilitoka jeshini. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliitwa na jeshi la anga la Marekani kuchunguza jambo la ajabu: marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado kwenye barabara ya kutulia, wanakunja magurudumu na ndege inalala kifudifudi. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Chapanis akaingia chumba cha rubani akatazama. Swichi ya magurudumu na ile ya kukunja vibao vya mabawa zilikuwa zimekaa bega kwa bega, na zilifanana kabisa. Aliitazama pia ndege ya C-47, ambayo swichi zake hazikukaa hivyo. Huko tatizo hilo halikuwepo. Dawa ikawa kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi moja na kibao kwenye nyingine, ili mkono utambue hata gizani. Makosa yakaisha, na marubani walikuwa walewale. Mwaka 1949 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu cha kiada kuhusu kuunda vifaa kwa kufuata uwezo wa binadamu, na hata sasa mpini wa magurudumu katika ndege za abiria una umbo la gurudumu.

Charles Perrow, profesa wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Yale, aliusogeza ubishi mbele zaidi. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, vali moja katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, ilifunguka ikakwama. Taa kwenye meza ya udhibiti ilionyesha imefungwa. Ukweli ni kwamba taa ile haikupima vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Ving'ora zaidi ya 100 vililia katika dakika za mwanzo. Wahudumu wakadhani maji yamezidi, wakapunguza maji ya kupoza kinu, nacho kikayeyuka kwa sehemu. Perrow aliombwa kuiandikia tume ya rais maoni yake, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kitabu chake Normal Accidents cha mwaka 1984. Hoja yake ni chungu. Katika mitambo ambayo sehemu zake zinaingiliana kwa njia zisizotabirika, na jambo moja linavuta jingine bila kuacha nafasi ya kupumua, ajali kubwa ni ya kutarajiwa hata kila mtu akitimiza wajibu wake. Kumtwika lawama mhudumu ni kuuokoa mtambo.

Kompyuta zilipoingia viwandani, Shoshana Zuboff wa Harvard alikwenda kukaa na wafanyakazi wa viwanda vya karatasi, akatoa In the Age of the Smart Machine mwaka 1988. Watu waliokuwa wakijua ubora wa majimaji ya karatasi kwa kuyaminya mkononi, na mmoja aliyepima hali ya karatasi kwa jinsi nywele zake zilivyohisi umeme uliopo hewani, walihamishiwa kwenye vyumba vya vioo kutazama namba. Skrini ileile iliyowaonyesha kazi ilimwonyesha bosi kila walichofanya na dakika waliyokifanya. Msimamizi wa zama za Heinrich alijaza fomu baada ya ajali. Huyu mpya anajaza wakati wote, na dereva anayepangiwa safari na programu ya simu anamfahamu fika.

Kwetu, wazo la Eastman limo katika vitabu vya sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliyounda mfuko wa WCF. Kenya ilipitisha sheria zake mbili za namna hiyo mwaka 2007. Aliyeumia kazini halazimiki kwanza kushinda kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri ndipo alipwe. Kwenye ripoti za ajali, hata hivyo, na katika taarifa tunazozisoma magazetini, uzembe ndio unaofunga mjadala kabla vali, swichi na urefu wa zamu havijaulizwa.

Mkufunzi atakapoichora tena piramidi, mwombe akuonyeshe faili 75,000. Kitabu cha Eastman hakina tena haki miliki, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kukichapa, kukinakili na kukitafsiri bila kulipa chochote. Vyama vyetu vya wafanyakazi vingefanya jambo la maana kuwapa wanachama wao walau ile kalenda.