Kumaliza wa Kwanza na Bado Ukose Doo: Hizi Hapa Adhabu za Kukatiana Kwa Mbio za Farasi wa Vigari

Ushawahi ona farasi akimaliza wa kwanza halafu ubao unaonyesha mwingine ndiye ameshinda? Hapo hakuna mtu ameibiwa. Kwa mbio za farasi wa kuvuta vigari, kufika mbele ni nusu tu ya kazi. Tulia nikupange, haswa kama wewe ni msee wa kubeti.

Huu mchezo ni upi?

Usiuchanganye na ule wa Ngong, joki akiwa mgongoni. Hapa dere anakaa kwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, na farasi haruhusiwi kutoka mbio ile ya kuruka. Lazima ashike hatua za mpangilio hadi mwisho. Gurudumu likimgusa mguu, hatua zinavurugika na dere lazima amvute arudi kwa mwendo. Akimaliza kufanya hivyo, wenzake washaenda. Ndio maana kukatiana ni ngori.

Makosa yenyewe

Huko Marekani, dere yuko mashakani akifanya hivi:

- Kubadilisha njia ghafla mpaka farasi mwingine apunguze hatua
- Kuingiza gurudumu lake chini ya miguu ya farasi wa mwenzake
- Kumsukuma mwenzake atoke nje kwa kona
- Kukanyaga breki ghafla mbele ya wengine, vile mathree hufanya ikiona abiria
- Kumwachia mwingine nafasi makusudi ndio apite

Adhabu ni gani?

Majaji wakishuku kitu, matokeo yanasimamishwa. Dere aliyekatiwa pia anaweza kulalamika. Wanacheki video, wanasikiza madere, halafu wanaamua.

Kwa farasi: anaweza kurudishwa nyuma, na akirudishwa lazima awekwe nyuma ya yule alimkatia. Kama alifanya mwenzake ashindwe kumaliza kabisa, anaweza kunyimwa zawadi yote.

Kwa dere: faini, ama kufungiwa kwa muda. Hii ni kesi tofauti na ya farasi, so anaweza kuadhibiwa hata kama nafasi za farasi hazijabadilishwa.

Ile ya 2017 iliuma

Hambletonian ndio mbio kubwa ya farasi hawa Marekani, na inafanyika Meadowlands, New Jersey. Agosti 2017, fainali ilikuwa ya dola milioni 1. What The Hill, akiendeshwa na David Miller, alivuka mstari wa kwanza. Shida ni kwamba kwa ile nyoosho ya mwisho alikuwa amemkatia Guardian Angel As, ambaye alipoteza hatua. Majaji walicheki video, wakamrudisha What The Hill mpaka nambari 9. Ushindi ukaenda kwa Perfect Spirit wa Ake Svanstedt, aliyekuwa amefika wa pili.

Kwa wewe wa kubeti

Malipo hufuata matokeo rasmi, si yule ameonekana akivuka mstari. Farasi wako akishinda, usianze kununulia mbogi vinywaji. Akimaliza wa pili, usifute slip bado. Na majaji wakishatangaza matokeo kuwa rasmi, hata kama rufaa itafaulu miezi baadaye, beti haitarudiwa.

So subiri neno "rasmi" litokee ubaoni. Hapo sasa unaweza piga nduru.