Karata ya Bure: Kutoka Pakiti ya Sigara hadi Simu ya Mkononi

Mchezo wa karata za kukusanya, ule unaopakuliwa bure kwenye simu, huonekana kuwa jambo la juzi. Anayeucheza Rongo katika kaunti ya Migori, au Mbita katika kaunti ya Homa Bay, hupewa karata za kuanzia, huzipanga apendavyo, kisha hupambana na mtu asiyemjua aliye nchi nyingine. Kuingia hakumgharimu kitu. Ili kuelewa kwa nini mlango huo uko wazi, na ni nani anayelipia gharama zake, tunapaswa kurudi nyuma zaidi ya karne moja, kwenye zao ambalo wakulima wa Migori wanalijua vizuri: tumbaku.

Katika miaka ya 1870 na 1880, sigara nchini Marekani ziliuzwa katika pakiti laini zilizobonyea upesi, na watengenezaji wakatia ndani kipande cha karatasi ngumu ili kuzikinga. Kampuni kama Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, zikatambua kwamba kipande hicho kingeweza kufanya kazi ya pili. Kikichapishwa picha ya mwanamichezo au bendera, na kila picha ikawa sehemu ya mfululizo, mvutaji angerudi dukani kutafuta zile alizozikosa. Karata ilitolewa bure, sigara ndiyo iliyouzwa, na mnunuzi hakujua amepata picha gani mpaka afungue pakiti. Kampuni ya Wills ya Uingereza ilifuata njia hiyohiyo.

Mwaka 1902 makampuni makubwa ya tumbaku ya nchi hizo mbili, Wills ikiwa miongoni mwao, yaliungana kuanzisha British American Tobacco, ambayo ilifika Kenya mwaka 1907. Katika miaka ya 1970 ilianza kuwapa mikataba wakulima wa iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo imegawanyika kuwa Migori na Homa Bay. Hata hivyo, jani lilistawi huku michezo ya eneo hilo ikibaki mingine. Ajua, mchezo wa Waluo wa mbegu na vishimo, ulihitaji ubao au ardhi tupu, na karata za kawaida 52 zilitosha watu wengi. Katika michezo hiyo yote wachezaji huanza kwa vifaa vilevile, wala hakuna anayeweza kununua nguvu kumzidi mwenzake.

Usawa huo ulivunjwa mwaka 1993, pale mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield alipotoa Magic: The Gathering. Aliunganisha mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali: kukusanya karata kwa kubahatisha, na kuzichezea. Tangu hapo ubora wa mchezaji ulitegemea akili yake na pia mkusanyiko wake. Lakini karata za karatasi zilihitaji duka la kuziuza na wapinzani wa karibu, na kwa sababu hiyo mchezo huo ulikuwa wa miji yenye vyote viwili.

Mwaka 2009 vikwazo hivyo vilianza kuondoka. Mwezi Juni serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu za mkononi. Mwaka huohuo nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuacha kutegemea setilaiti zilizokuwa ghali. Mwezi Oktoba, mbali na Kenya, kampuni ya Apple iliruhusu programu za bure kuuza vitu ndani yake. Kabla ya hapo mtengenezaji alichagua kuuza mchezo au kuutoa bure. Sasa aliweza kufanya yote mawili.

Matokeo hayakufika Migori na Homa Bay mara moja. Simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa Kenya kuanzia mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, ilizoesha wengi Android, lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno kwa mchezo mzito. Hearthstone, mchezo wa bure wa karata za kukusanya uliotolewa na Blizzard mwaka 2014, ulifika kwenye simu mwaka 2015. Mwaka huohuo mradi wa serikali wa Last Mile ulipunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mwaka 2020 Safaricom na Google zilianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku.

Ni lipi basi lililoamua? Wapo wanaotaja nyaya za baharini, lakini waya wa Mombasa haumfai mtu wa Suba, Homa Bay, ambaye simu yake ni mulika mwizi, simu ndogo ya tochi. Wengine hutaja M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007 na kukubaliwa kwenye duka la programu la Google mwaka 2018. Hiyo hueleza vizuri jinsi mtu anavyonunua karata, lakini haielezi jinsi anavyofika mchezoni. Maelezo yenye uzito zaidi ni bei ya simu yenyewe pamoja na umeme wa kuichaji. Nyaya zilitangulia, simu na umeme vikafuata, na M-Pesa ikarahisisha ununuzi.

Swali la bure nalo lina majibu mawili. La kwanza ni kwamba kunakili karata ya kidijitali karibu hakugharimu chochote. Hilo ni kweli, ila haliwalipi wachoraji wala waandishi wa programu. Jibu la pili lina nguvu zaidi: wachache wanaolipa wanahitaji wapinzani saa zote, na asiyelipa ndiye anayewapa. Mchezaji wa Migori hutoa muda, chaji na bando. Mpango wa sigara umegeuzwa: zamani karata ya bure iliuza pakiti, siku hizi mchezo wa bure huuza pakiti za karata.

Kubahatisha ndiko hakukubadilika. Mwaka 2012 mamlaka ya Japani ilipiga marufuku mtindo mmoja wa kukusanya vitu vya bahati ili kupata zawadi kubwa, na mwaka 2018 Ubelgiji ilihesabu baadhi ya visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo kuwa kamari. Wanaopinga kuviita kamari husema mchezaji daima hupata karata fulani, tofauti na anayebeti mpira akapoteza yote. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama karata hizo zingekuwa mali yake. Karata ya sigara yenye picha ya Honus Wagner, iliyochapishwa kati ya 1909 na 1911, bado inauzwa kwa mamilioni ya dola. Lakini seva za mchezo wa karata za kidijitali The Elder Scrolls: Legends zilizimwa Januari 2025, na kila karata iliyonunuliwa humo ikapotea. Mchezaji wa Homa Bay anayetoa pesa yake, basi, hulipia nafasi ya kucheza kwa muda ambao kampuni itaamua.