Njia Hii ni ya Nani?
Mvua za El Nino za mwaka 1998 zilipokata njia ya mtaa wetu wa Makorora, dereva wa teksi aligoma kuingia. Mke wangu, uchungu umemshika, tukampakia kwenye mkokoteni hadi kwenye lami. Akajifungua salama. Mimi nikaanza kuuliza.

Wazee walizoea kuita kazi yoyote ya barabara "PWD", jina la Mwingereza. Njia za mitaa zilikuwa za halmashauri, ambazo Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yaliziondoa. Za miji zikarudi 1978. Mwaka 2000 TANROADS ikakabidhiwa barabara kuu na za mikoa. Zetu? Zilisubiri TARURA, 2017. Miaka 17! Yule mtoto wa mkokoteni alikuwa keshaota ndevu.