Farumi

Katika Bandari ya Kale ya Mombasa, jahazi likishapakua shehena huelea juu mno, na upepo mkali ukilipiga huyumba. Ndiyo maana mabaharia hutia farumi: mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa, ngamani, ili chombo kitulie.

Neno hili linawafaa hata mafundi wa ndege. Ndege ndogo nayo ina uzito wake ikiwa tupu, ila huko kazi ni kuupunguza. Kwa mfano, ndege aina ya Cessna 172S hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 1,157. Kwa hiyo kila kilo inayotolewa kwenye redio kuukuu, nyaya zisizotumika au matabaka ya rangi ya zamani, ni kilo ya mafuta au ya mzigo. Lakini uzito ukipunguzwa puani pekee, ndege huelemea mkiani, na hapo ni hatari. Lazima ipimwe upya, na pengine itiwe uzito kidogo ili ikae sawa.

Uzito huo tusiuite “balasti”. Pwani ina neno lake, lililokomaa baharini: farumi. Liingie na kwenye vitabu vya urubani.