"Kiafrika" Si Lugha: Nyimbo za Wavuvi wa Ghana Zina Wenyewe

Nimechoka na hizi video za wavuvi wa Afrika Magharibi wakivuta juya huku wakiimba, halafu chini imeandikwa "wimbo wa Kiafrika". Kiafrika gani, jameni? Pwani ya Ghana pekee ina Wafante, Waga na Waewe, na kila mmoja ana lugha yake.

Wengi hudhani ukijua ufuo, umejua lugha. Historia inakataa. Wafante wamehamahama na mitumbwi yao wakifuata samaki hadi Liberia, Sierra Leone na Benin. Waewe wa Anlo, kutoka Keta, nao walipiga kambi na juya zao Togo, Benin na Nigeria. Kwa hivyo video iliyorekodiwa Cotonou yaweza kuwa na wimbo uliozaliwa Keta.

Mimi huanza na sikio. Sauti kp na gb zimo katika Kiewe na Kiga. Ona tu majina ya ngoma zao: agbadza ya Waewe, kpanlogo ya Waga. Kifante, ambacho ni tawi la Kiakan, kwa asili hakina sauti hizo. Chenyewe kina ts na dz zinazokitenga na ndugu yake Kitwi. Kiewe pia kina f ya midomo miwili, kama unapuliza chai ya moto. Ndiyo inayoanza neno lao la bahari, ilhali Mfante husema po.

Lakini sikio halimalizi kazi. Wavuvi Waga wa Accra wana nyimbo za baharini za Kifante, kwa sababu uvuvi wa baharini walijifunza kwa Wafante. Ujuzi ulikuja na wimbo wake. Yaani lugha ya wimbo inaweza kukuambia aliyefundisha, si anayeimba. Ukiandika "Kiafrika", umefuta mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja.

Na sisi tungekubali? Mtu akiweka taarab ya Lamu aiite "muziki wa Kiafrika" basi, si tungemvaa kwenye maoni?

Kabla ya kuposti, tafuta mtu anayezungumza lugha hizo, umuulize mambo mawili: haya ni maneno ya nani, na aliyeyaimba aliyatoa wapi? Kisha andika jina la lugha. Ni neno moja tu, bana.