Kazi Ipo, Watu Wapo: Habari ya Ugogo Tangu Misafara Hadi Mtumba

Ndugu wenzangu wa zamani,

Mliokuwapo katika mkutano wetu uliopita mtakumbuka kwamba chakula kilichelewa saa mbili nzima, na kwamba Kamati ilitupa maelezo marefu juu ya jambo hilo. Mimi sina lawama, maana makala hii niliipata katika saa mbili hizo. Nilikuwa nimeketi chini ya mbuyu baina ya wenzetu wawili. Wa kwanza, ambaye tulilala naye bweni moja, siku hizi ni mkandarasi wa majengo hapa Dodoma. Alinilalamikia kwamba ana kazi imelala kule Mtumba kwa kukosa mafundi bomba na wachomeleaji, na kwamba hata vijana wa kusaidia fundi hawadumu majuma mawili. Wa pili, aliyenitangulia darasa kwa miaka miwili, alinivuta pembeni. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali na kazi yangu ni mambo ya utumishi, aliniomba nimsaidie mwanawe aliyemaliza chuo kikuu, na huu ni mwaka wa tatu yumo nyumbani. Akaniambia, "Ndugu yangu, kijana anaanza kutonitazama usoni." Maneno hayo yalinichoma.

Mabwana hawa wawili walikuwa wameketi hatua nne tu baina yao, na kila mmoja alikuwa akilitafuta lile analolilalamikia mwenzake. Nilitaka kuwakutanisha pale pale, lakini wali ukafika.

Basi niliporudi nyumbani nilikaa nikafikiri. Pale Mlimani nilisoma historia, na ninakumbuka kwamba malalamiko ya mkandarasi wetu ni ya kale sana katika nchi hii ya Ugogo. Yalianza hata kabla ya kuja kwa Wadachi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Wasafiri wa Kizungu, kama Burton na Stanley, waliandika kwa hasira juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa huku. Watu waliobeba mizigo ya misafara ile walikuwa hasa Wanyamwezi, pamoja na watu wa pwani. Wagogo kwa wingi wao hawakubeba. Kwa nini? Wengine walisema ni wavivu. Lakini tazama hesabu yao: mtu mwenye ng'ombe, mwenye mtama na uwele ghalani, na mwenye kisima katika nchi kavu ambamo kila msafara lazima unywe maji, ana haja gani ya kujitwisha pembe ya ndovu ya mwingine mpaka Bagamoyo? Msafara ulimjia mlangoni, naye akauza chakula na maji akabaki kwake.

Wadachi walipojenga Reli ya Kati mambo hayakubadilika sana. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji wetu huu ulikua kutokana na stesheni. Na katika wajenzi wake, Wanyamwezi walikuwa tena wengi. Serikali ile ilikwisha kuweka kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, na moja ya shabaha zake ilikuwa kumsukuma Mwafrika atoke kwake akatafute fedha kazini. Mahali pengi hila hiyo ilifaulu. Huku kwetu Mgogo aliswaga ng'ombe mmoja mpaka mnadani, akalipa, akarudi kwake.

Nisieleweke kwamba nasifu maisha ya raha. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Ikaja njaa ya Mtunya, ambayo wanahistoria wanakadiria kuwa iliua watu 30,000 hivi katika watu wapatao 150,000. Bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa wazee kwa njaa hiyo. Walionusurika walijifunza jambo moja ambalo maofisa wa kazi hawakulielewa kamwe, kwamba mtu asiyekuwapo shambani mvua ya kwanza inaponyesha huenda akarudi na fedha mfukoni akakuta watoto hawana chakula. Mvua ya Ugogo haimngoji mtu.

Waingereza nao waliandika katika majalada yao habari ya "uhaba wa vibarua". Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na njaa ya watu, hata mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri iitwayo SILABU, iliyokwenda kutafuta watu mbali sana, Kigoma, Songea, Njombe, mpaka Ruanda na Burundi. Hao ndio manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Waliopanda treni kutoka Kigoma walipita Dodoma yetu bila kushuka. Kazi yao ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini ambayo kila siku uliyomaliza kazi yako iliwekwa alama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Serikali ilifika hatua ya kuwalazimisha watu kwa amri kwenda kwenye mkonge na mpira. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kumkamata mtu, au kumleta kutoka mwendo wa siku kadhaa, kuliko kumwongezea mshahara yule aliye karibu!

Sasa nifike Kongwa, ambapo ningependa kukaa kidogo, maana wengi wetu tumepita pale mara nyingi kwenda mnadani bila kufikiri.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa wazo la kulima karanga Afrika ya Mashariki. Ikatumwa tume chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, na ikarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa katika nchi yetu. Kongwa ikawa ya kwanza, mwaka 1947. Mwaka wa kwanza walikusudia kufyeka ekari 150,000. Walimaliza kama 7,500.

Sababu za kushindwa zinajulikana: mvua haba, udongo mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, vichaka vya miiba na mibuyu iliyovunja mashine. Lakini iko sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni watu. Matrekta yalinunuliwa makuukuu, mengine kutoka masalio ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na baadaye hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Wa kuyaendesha hawakuwapo, wa kuyatengeneza hawakuwapo. Kabla ya mwaka ule kwisha theluthi mbili za mashine zilikuwa mbovu. Katika nchi yenye maelfu ya vijana wenye nguvu, mradi mkubwa namna ile ulilala kwa kukosa mafundi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewafundisha. Serikali iliyokaa hapa karibu miaka thelathini ilitaka mafundi wachipuke kama uyoga baada ya mvua!

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi Kongwa. Alikwenda kiangazi cha mwaka 1947, akafundishwa kwa majuma machache kukaa juu ya trekta, na mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa mashariki alishuka akarudi kwake upande wa Mpwapwa kupanda uwele. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimwuliza kama hakuona aibu kuacha kazi. Alinitazama kama mtoto mpumbavu. Akasema, "Mjukuu wangu, posho ilikuwa ya mtu mmoja. Nyumbani tulikuwa tisa." Tena alisema kwamba tangu Wazungu wale waje, unga na nguo vilipanda bei hata mshahara ukawa kama maji mkononi. Hakuwa peke yake kulalamika. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam Septemba mwaka 1947 ulipanda bara ukifuata reli, na Kongwa nako watu wakagoma mwaka ule ule. Wakati huo huo wenye mashamba ya mkonge walikuwa wakinung'unika kwamba karanga zitawanyang'anya vibarua wao. Mradi ukafutwa mwaka 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Katika kitabu cha mnyapara, nadhani, babu yangu aliandikwa mtoro.

Swali basi ni hili: ilikuwaje nchi iliyolia kwa kukosa vibarua ikawa nchi inayolia kwa vijana kukosa kazi, na kilio cha kwanza kisinyamaze?

Baada ya Uhuru mishahara ya chini iliongezwa, na enzi ya manamba ikaisha. Waajiri wa mkonge wakapunguza watu, wakabaki na wachache wa kudumu. Hilo lilikuwa jema kwa waliobaki. Lakini kazi ya mshahara sasa ilikuwa na thamani iliyopita jembe, na kila mwenye akili aliona. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo mwaka 1964, pale Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza nafasi, waajiri binafsi asilimia 10 na Serikali asilimia 15, ili kuondoa watu wasio na kazi mjini. Habari ilipoenea, watu wengine wengi wakaacha mashamba wakaja kujiandikisha! Wataalamu wawili, Harris na Todaro, waliandika juu ya mambo haya mwaka 1970, wakaonyesha kwamba mtu haji mjini kwa sababu ana hakika ya kazi. Anakuja kwa sababu bahati ya kuipata yaweza kuwa na faida kuliko hakika ya jembe. Kwetu Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilijaribu njia ya kuwakamata wasio na kazi mijini na kuwarudisha mashambani. Wengi walirudi mjini upesi.

Na shule? Mwaka 1967 Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikawa na shamba. Wazo lilikuwa safi. Lakini semeni kweli, ndugu zangu: katika wakati wetu, miaka ya 1990, jembe tulipewa lini? Aliyechelewa paredi, jembe. Aliyezungumza Kigogo bwenini, jembe. Tulifundishwa kwa vitendo kwamba kazi ya mikono ni adhabu, na kwamba anayefaulu huondolewa humo. Mkandarasi mwenzetu alikuwa bingwa wa adhabu hizo, na pengine ndiyo sababu akapenda ujenzi.

Kaka zetu walipomaliza chuo kikuu Serikali iliwapangia kazi moja kwa moja. Sisi tulikuta mlango huo umefungwa, ila matumaini yake tumeyarithisha wana wetu. Juni mwaka 2014 watu zaidi ya elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na maombi yakapita laki moja. Huku nyuma Dodoma imepata watu 765,179 katika sensa ya 2022, kutoka 410,956 mwaka 2012. Uamuzi wa kuhamia hapa wa mwaka 1973 ulisuasua miaka arobaini na zaidi, kisha tangu 2016 ukaja kwa kishindo pamoja na majengo ya Mtumba na reli mpya iliyozinduliwa Agosti 2024. Kila jengo lina mabomba, nyaya na vyuma. Tumefungua vyuo vikuu kwa kasi kuliko karakana.

Hapa sharti nijitaje na mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliandika sifa za fundi wa pampu ya maji: cheti cha kidato cha nne, stashahada, uzoefu wa miaka mitatu. Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiitengeneza pampu ile ile kama kibarua kwa miaka kumi na mmoja. Aliomba. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Nikaweka ombi lake upande wa wasiofaa, kwa kalamu yangu, na nafasi ikakaa wazi miezi kumi na minne. Katika taarifa yangu niliandika kwamba watu wenye sifa hawapatikani. Yule mzee alirudi kwao, na pampu ilipokufa tulinunua maji kwa gari.

Nilimpeleka kijana wa mwenzetu kwa mkandarasi mwezi wa saba, akajifunze bomba. Nilikuwa na furaha. Mwezi wa tisa mkandarasi akanipigia simu: kijana ameacha. "Vijana wa siku hizi hawataki kazi," akasema. Nikamtafuta kijana. Alikuja nyumbani, akakaa, akaniamkia vizuri. Anakaa upande wa Nkuhungu, kazi iko Mtumba. Nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana vilikula zaidi ya nusu ya alichopewa kwa siku, na siku isiyo na vifaa hapewi kitu. Alipoitwa kwenye usaili Dar es Salaam aliomba ruhusa ya siku mbili akanyimwa. Usaili huo hakuupata, lakini kazi ya bomba, aliniambia, aliipenda.

Nilimpigia tena mkandarasi nikamweleza habari ya nauli. Alikaa kimya, kisha akasema hesabu ya zabuni haina nafasi ya nauli, lakini atatazama. Hadi ninapoandika haya bado anatazama, na nafasi mbili za saidia fundi zingali wazi. Mwenye kijana anaweza kumpata kwa kupitia Katibu wa Kamati. Aulize kwanza habari ya nauli.