AC ya gari la mzee ina historia

Wasee, wengi husema Kisii na Nyamira ni baridi, AC ya nini? Ngoja mvua ya jioni ikupate Keroka, vioo vyote vijae ukungu. AC ndiyo hukausha hiyo hewa.

Kama mzee wako bado ana gari la miaka ya 80, AC yake iliundiwa gesi ya R12. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za aina hiyo hula ozoni. Mkataba wa Montreal ukaja 1987, na miaka ya 90 magari mapya yakahamia R134a. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa hapa Nairobi.

Sasa, fundi akikujazia R134a juu ya oili ya zamani, hazichanganyiki. Kompresa inakosa oili, inakufa. Oili, raba na kichujio cha unyevu lazima vibadilishwe. Na R12 inyonywe kwa mashine, isiachiliwe hewani.

R134a nayo si malaika: inapasha dunia joto, ndiyo maana 2016 kukawa na makubaliano ya Kigali.

Kwa hivyo usiseme tu, "Fundi, weka gesi." Muulize ile ya zamani inaenda wapi.